Umehamisha pochi ya kripto kutoka kompyuta kwenda simu na imekataa: dalili, sababu na dawa

Hapa Lubumbashi wako wengi walioanza na bitcoin au USDT (sarafu ya kripto inayofuata bei ya dola) kwenye kompyuta, ofisini au nyumbani, kisha delestaje, ule umeme wa kukatwakatwa, ikawachosha. Kompyuta haiwaki saa unapoihitaji, simu iko mfukoni na chaji ipo, na mtu wa mizigo anangoja malipo mpakani Kasumbalesa. Basi unachukua maneno yako 12, yale ambayo pochi ilikupa uyaandike ulipoifungua, unayaingiza kwenye simu, na simu inayakataa, au inayakubali halafu inakuonyesha sifuri. Nimepanga hitilafu zinazoletwa mara kwa mara kufuatana na kile unachokiona kwenye kioo, nikianza na sababu za kawaida kuelekea zile za nadra.

Jambo moja lishikwe kwanza. Pesa haimo ndani ya simu, wala haikuwahi kuwamo ndani ya kompyuta. Imeandikwa kwenye daftari la mtandao lenye nakala kwa maelfu ya watu duniani. Wewe unashika funguo tu. Simu ikionyesha sifuri, mara nyingi hakuna aliyeiba: simu imezisoma funguo kwa njia isiyo ya kompyuta yako. Hasara ya kweli huja baadaye, mtu anapoingiwa na hofu, akafuta pochi ya kompyuta au akampa mgeni maneno yake.

Kabla ya kugusa simu

Fungua pochi kwenye kompyuta, nenda kwenye orodha ya anwani za kupokelea, na uandike kwenye karatasi herufi nane za mwanzo na nane za mwisho za anwani ya kwanza kabisa. Hicho ndicho kipimo chako. Simu ikionyesha anwani hiyo hiyo, umefika. Ikionyesha nyingine, hujafika, hata kama programu imeandika kwamba kila kitu kimekamilika.

Andika pia jina la programu ya kompyuta na namba ya toleo lake. Usifute kitu wala usiuze kompyuta mpaka simu imetuma kiasi kidogo na kikafika. Pochi moja inaweza kukaa kwenye kompyuta na simu kwa wakati mmoja bila shida, isipokuwa kwa Lightning, ile njia ya malipo ya haraka ya bitcoin inayopita kwenye chaneli kati ya watu wawili. Electrum, pochi ya bitcoin inayotumiwa na wengi kwenye kompyuta, ina Lightning tangu toleo la 4.0 la mwaka 2020. Ikiwa umefungua chaneli za Lightning kwenye kompyuta, maneno 12 peke yake hayazirudishi zikiwa tayari kutumika, na kuendesha hali ya zamani ya chaneli kwenye kifaa cha pili kunaweza kukupotezea pesa yote iliyomo. Funga chaneli kwenye kompyuta, ngoja pesa irudi kwenye salio la kawaida, ndipo uhame.

Dalili: programu haikubali kuingia kwenye simu

Anza na nafasi. Tecno, Infinix na itel nyingi zilizo mikononi mwetu zimejaa video za WhatsApp, na simu iliyojaa hukataa programu bila kueleza vizuri kwa nini. Futa video, zima simu, washa, jaribu tena.

Ikiwa nafasi ipo, angalia toleo la Android. Simu ya zamani sana haitapokea pochi mpya, na hapo dawa ni simu nyingine. Ukipakua faili ya APK, yaani faili ya kusakinishia programu ya Android, kutoka tovuti ya watengenezaji, chagua inayolingana na simu. Electrum hutoa arm64-v8a na armeabi-v7a. Simu nyingi za bei nafuu zenye Android Go zinaendesha mfumo wa biti 32 hata kama chipu yake ni ya biti 64, kwa hiyo arm64 ikikataa, chukua armeabi-v7a.

APK uliyotumiwa na rafiki kwa Xender au WhatsApp usiisakinishe, hata rafiki awe mwaminifu namna gani. Yeye mwenyewe hajui ilikotoka. Na wenye iPhone wajue: watengenezaji wa Electrum wametoa toleo la Android, si la iPhone. Ukiona jina hilo kwenye duka la Apple, hiyo ni mtego. Kuna pochi nyingine za iPhone, kama BlueWallet, zinazosoma maneno ya Electrum.

Kuna hatari nyingine kwenye kompyuta za ofisi ambazo hazijaguswa miaka mingi. Desemba 2018 wezi waliweka seva zao kwenye mtandao wa Electrum, zikawa zinawatumia watu ujumbe ndani ya programu yenyewe: sasisha, bonyeza hapa. Waliobonyeza walipakua programu ya wizi. Matoleo ya kabla ya 3.3.3 bado yanaweza kuonyesha ujumbe wa namna hiyo. Ukiuona, SIMAMA. Funga programu, andika anwani ya tovuti ya watengenezaji kwa mkono wako mwenyewe, upakue kutoka huko.

Dalili: maneno 12 yanakataliwa

Sababu ya kwanza hapa kwetu ni kibodi ya simu. Simu zetu ziko katika Kifaransa, maneno ni ya Kiingereza, na kibodi inajifanya kusahihisha. Unaandika *address*, inaweka *adresse*. *Letter* inakuwa *lettre*, *exercise* inakuwa *exercice*. Mtu anasoma haraka, haoni tofauti. Zima usahihishaji kwenye mipangilio ya kibodi, au tumia kibodi ya ndani ya pochi kama ipo. Hiyo ya ndani ni bora kwa sababu nyingine pia: kibodi ya kawaida hujifunza unachoandika, na hutaki ijifunze haya.

Kama mwandiko umefifia, usikate tamaa. Orodha inayotumiwa na pochi nyingi, iitwayo BIP39, ina maneno 2048, na herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua kila neno. Andika nne tu, pochi itapendekeza lililobaki.

Sababu ya pili ni kuchanganya aina za maneno. Electrum ina mfumo wake, si BIP39. Maneno yake yanafanana kabisa kwa macho, lakini ukiyaweka kwenye pochi ya BIP39 kwa kawaida yatakataliwa, na ukiweka ya BIP39 kwenye Electrum bila kuchagua BIP39 kwenye sehemu ya machaguo, nayo yatakataliwa. Dawa rahisi: yaliyozaliwa Electrum kwenye kompyuta, yafungue Electrum kwenye simu.

Sababu ya tatu ni mpangilio. Angalia karatasi yako. Ikiwa uliandika kwa safu mbili, ulishuka chini au ulikwenda kando? Mwingine aliandika la 1 mpaka la 6 akishuka, leo anasoma 1, 7, 2, 8. Kipimo kilichomo ndani ya maneno 12 ya BIP39 hunasa makosa mengi, lakini mpangilio uliovurugika hupenya mara 1 katika 16. Ukipenya, hutaona kosa. Utaona pochi tupu. Ndiyo maana nilisema uandike ile anwani ya kwanza.

Halafu hesabu maneno. Yakiwa 25, hiyo ni Monero, sarafu nyingine, na pochi ya bitcoin haitayasoma. Tafuta ya Monero, kama Cake Wallet au Monerujo. Yakiwa 16, huenda ni Monero ya mfumo mpya. Na kama maneno yenyewe ni ya Kifaransa, jua kwamba BIP39 ina orodha rasmi ya Kifaransa ambayo pochi nyingi za simu haziisomi. Usiyatafsiri kwenda Kiingereza. Maneno yaliyotafsiriwa ni funguo nyingine kabisa.

SIMAMA ukijikuta unataka kuyajaribu maneno kwenye tovuti fulani ya "kukagua maneno". Hakuna tovuti inayostahili kuyaona.

Dalili: maneno yamekubaliwa lakini salio ni sifuri

Hapa ndipo watu wanalia. "Papa, pesa imeenda wapi?" Haijaenda. Toa ile karatasi ya anwani, ulinganishe na anwani ya kwanza kwenye simu.

*Anwani zinalingana, salio ni sifuri.* Pochi haijamaliza kusoma mtandao, au inaangalia mahali pengine. Ngoja kwanza, ukiwa na mega (bando la intaneti) za kutosha. Kwa USDT, tazama mtandao: anwani ya Tron inaanza na T, ya Ethereum inaanza na 0x. Maneno yale yale 12 huzaa zote mbili, na USDT iliyoko Tron haionekani ukifungua upande wa Ethereum. Pochi nyingine pia huficha tokeni mpaka uiongeze mwenyewe kwenye orodha. Kwa Monero, angalia tarehe ya kuanzia kusoma. Ukiweka tarehe ya baada ya siku uliyopokea pesa, simu haitaiona. Usiweke vilevile mwanzo wa Monero, Aprili 2014, maana simu itasoma siku na siku huku ikila mega. Weka mwezi mmoja kabla ya siku uliyofungua pochi.

Kama pochi ya kompyuta ilitumika kibiashara, mtu akibonyeza anwani mpya kwa kila mteja, kuna sababu nyingine. Pochi nyingi huacha kutafuta baada ya kukuta anwani 20 tupu mfululizo. Ulitoa anwani 30 kwa wateja, akalipa yule wa 30 tu? Simu imeishia njiani. Ongeza kikomo hicho kwenye mipangilio, au uingie kwenye pochi inayokuruhusu kukiongeza.

*Anwani hazilingani, na zinaanza tofauti.* Tazama herufi za mwanzo za anwani ya kompyuta. Ikianza na 1, njia yake kwa kawaida ni 44. Ikianza na 3, ni 49. Bc1q ni 84. Bc1p ni 86. Hizo ni njia nne za kuzalisha anwani kutoka maneno yale yale, na simu imechagua moja bila kukuuliza. Futa pochi hiyo ya simu, si ya kompyuta, uingize maneno upya ukichagua njia inayolingana.

*Zinaanza sawa, kisha zinaachana.* Uliweka neno la ziada. Pochi nyingi za BIP39, na Electrum pia, zinakuruhusu kuongeza neno lako mwenyewe juu ya yale 12. Ukilikosea, pochi haikuambii umekosea. Inafungua pochi nyingine, halali, tupu. Simu huweka herufi kubwa mwanzoni bila kuombwa, kwa hiyo *mama* inakuwa *Mama*. Ukichagua neno kwenye mapendekezo, kibodi inaongeza nafasi mwishoni, nayo nafasi ni herufi.

Na kuna moja ambayo mafundi wa kutoka nje hawaiwazii, ilhali kwetu ni ya kila siku. Kompyuta nyingi hapa zina kibodi ya AZERTY, ile ya Kifaransa, lakini Windows yake ilinunuliwa ikiwa imewekwa kwa Kiingereza. Ulibonyeza A, kompyuta ikapokea Q. Hukuona, kwa sababu ya vile vidoti. Kwenye kompyuta hiyo neno lako linafanya kazi kila siku, maana vidole vyako vinarudia kosa lile lile. Kwenye simu unaandika neno unalolijua, na halifanani na lile la kweli.

Tuseme uliandika Mama2019 kwa vibonye vya AZERTY, tarakimu ukizipata kwa kushika kibonye cha herufi kubwa kama kawaida. Windows ya Kiingereza iliandika :q;q@)!( na hilo ndilo neno lako la ziada la kweli. A imekuwa Q na Q imekuwa A. Z na W zimebadilishana. M imekwenda kwenye nukta-mkato (;). Ili kujua bila kubahatisha, kwenye kompyuta ile ile zima intaneti, fungua Notepad, uandike neno kama unavyoliandika siku zote, na utazame kilichotokea. Kinakili kwenye karatasi, funga Notepad bila kuhifadhi. Hicho ndicho unachoingiza kwenye simu.

Ukishajaribu hayo yote na anwani bado hazilingani, kumbuka kama uliwahi kuingiza akaunti kwa funguo binafsi. Kwenye MetaMask, pochi ya Ethereum, akaunti ya namna hiyo hairudi kwa maneno 12 kamwe. Inabidi uitoe funguo yake kwenye kompyuta na kuiingiza peke yake, au, jambo ninalolipendelea, uitume pesa yake kwenda anwani ambayo maneno yako yanaimiliki.

Dalili: inazunguka tu, haiunganiki

Mega za WhatsApp peke yake hazifungui pochi. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na watu huisahau kwa kuwa ujumbe wa WhatsApp unaingia vizuri. Nunua mega za kawaida, au jaribu mtandao wa jirani.

Ya pili ni saa. Betri ikiisha kabisa, simu nyingine huwaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma, na muunganisho salama unakataliwa kwa sababu cheti cha seva kinaonekana hakijaanza. Ingia *Paramètres*, kisha *Date et heure*, uache simu ipange yenyewe. Angalia na ukanda wa saa pia: Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Aliyeacha ukanda wa Kinshasa kisha akasogeza saa kwa mkono ili ilingane na ya ukutani ataona namba sita za uthibitisho, zile za programu kama Google Authenticator, zinakataliwa kila akijaribu, kwa kuwa zinahesabiwa kwa saa na hubadilika kila sekunde 30.

Baada ya hapo tazama kuokoa betri. Tecno na Infinix hupenda kuua programu zilizo nyuma ya kioo. Ipe pochi ruhusa ya kutobanwa. Mwisho, Wi-Fi za ofisi na hoteli huziba milango ya mtandao (port) isiyo ya kawaida. Seva nyingi za Electrum hutumia mlango 50002. Ikiwa mega za simu zinafanya kazi na Wi-Fi haifanyi, umepata jibu.

Dalili: salio lipo, lakini pesa haitoki

Kwa USDT ya Tron, karibu kila mara ni TRX, sarafu ya Tron yenyewe inayolipia ada. Kwa kawaida ada haikatwi kwenye USDT. Unaweza kuwa na dola 500 na usiweze kutuma hata 1. Weka TRX, na uweke ya kuzidi: kumtumia mtu ambaye anwani yake haijawahi kushika USDT kunagharimu karibu mara mbili. Muamala ukishindikana kwa kukosa nguvu ya kutosha (Tron huiita *energy*), TRX iliyoteketea hairudi. Upande wa Ethereum ni vilevile, ila ada ni ETH.

Kwa bitcoin, muamala uliokwama kwa kawaida umepewa ada ndogo wakati mtandao umejaa. Tafuta kitufe cha kuongeza ada. Usipoongeza, kompyuta nyingi za mtandao huutupa baada ya siku 14, na salio linarudi kwako kama halikuondoka. Mtu akikuambia anaweza kuufungulia kwa malipo, anakudanganya.

Ikiwa kitufe cha kutuma hakipo kabisa, uliingiza kwenye simu funguo ya kutazama tu, si maneno. Hilo si kosa. Kwa mwenye duka Kamalondo ningemshauri hivyo hivyo: simu ya dukani itazame malipo yanavyoingia, funguo zibaki nyumbani.

Majina uliyowapa wateja kwenye kompyuta hayahami na maneno. Yanabaki kule, uyanakili kwa mkono.

Dalili: una faili la wallet.dat, huna maneno

Hiyo kwa kawaida ni programu ya Bitcoin Core, na haina maneno 12. Usipoteze muda kutafuta pochi ya simu inayolifungua, na anayekuuzia programu ya kulifungua anataka faili lako. Bitcoin Core hushusha daftari zima la bitcoin, GB mamia, kazi isiyofaa kwa simu wala kwa mega zetu. Njia safi ni kufungua pochi mpya kwenye simu, kuandika maneno yake mapya kwenye karatasi, kisha kutuma kutoka kompyuta kwenda simu: kidogo kwanza, kilichobaki baadaye. Kama diski haina nafasi, kuna hali ya kupunguza (*prune*), ambayo huhifadhi bloku za karibuni tu, yaani kurasa za mwisho za daftari, kuanzia MB 550; hata hivyo lazima kwanza ishushe yote. Kabla ya hayo yote, nakili wallet.dat kwenye flashi mbili.

Wakati wa kuacha na kumwita mtaalamu

Acha kama diski ya kompyuta inagonga au haisomeki na maneno huna. Kila unapoiwasha unaweza kuiharibu zaidi. Acha kama umesahau nenosiri la faili na umeshajaribu yote unayoyakumbuka, ukiyaandika moja moja. Acha kama neno moja au mawili yamefutika kwenye karatasi: yanaweza kutafutwa kwa kompyuta isiyo na intaneti, lakini si kwa kubahatisha kwenye simu. Na ukiona muamala ambao hukuutuma, usitengeneze chochote kwenye kifaa hicho. Tafuta simu safi, fungua pochi mpya, hamisha kilichobaki saa hiyo hiyo.

Kioo cha simu kikivunjika, tumia kompyuta kuhamishia pesa kwenye pochi mpya kabla ya kumpelekea fundi, maana atakuomba namba ya kufungulia. Na picha ya maneno iliyoko kwenye simu huenda imeshapanda Google zamani. Pochi yenye picha kama hiyo ibadilishwe kwa maneno mapya.

Kwa mtaalamu nenda na jina la programu, toleo, ile anwani ya kwanza, na picha ya ujumbe wa kosa. Kwa karibu hitilafu zote nilizotaja hapa, hivyo vinamtosha. Maneno unayaingiza wewe, yeye akiwa amegeuza uso asiyaone. Pale tu neno limepotea au diski imekufa ndipo atahitaji kugusa siri yenyewe, na kazi hiyo ifanyike mbele yako, kompyuta ikiwa haina intaneti, na pesa ihamie maneno mapya kabla hujaondoka kwake.